Tazama Unapokanyaga: Mayai Yapo Mchangani

Mwezi huu twende Kilwa. Kama wewe ni mtu wa Kilwa au Lindi, pwani hii ni yako. Umeipita mara nyingi. Leo ipite tena pamoja nami, lakini polepole, macho yakiwa chini. Kama wewe ni mtu wa bara na hujaiona bahari, usijali. Soma tu, nawe utaiona.

Njiani

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi unaelekea kusini. Unapita Kibiti. Unavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Zamani watu walivuka hapo kwa kivuko. Walingoja kwa saa nyingi. Siku hizi basi linapita tu.

Baada ya daraja unaona misitu, mikorosho na minazi. Kisha unafika Nangurukuru. Hapo njia zinagawanyika. Moja inaendelea kwenda Lindi na Mtwara. Nyingine inakata kushoto, inakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Ukishuka Masoko unaona maji, na ng'ambo ya maji unaona Kilwa Kisiwani.

Kilwa Kisiwani ni mahali penye sifa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Aliuona mji wa wafanyabiashara. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wengi huja kutazama mawe hayo.

Lakini leo sisi hatukuja kutazama magofu. Tumekuja kutazama shimo dogo mchangani. Upana wake haufiki kiganja cha mtu.

"Simama hapo hapo"

Asubuhi moja nilikuwa nikitembea ufukoni, si mbali na Kilwa Masoko. Maji yalikuwa yanatoka. Wanawake walikuwa wanashuka na ndoo zao kwenda kutafuta pweza. Vijana walikuwa wanavuta wavu.

Mbele yangu alikimbia ndege mdogo. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya mchanga. Tumbo lake lilikuwa jeupe. Alikimbia, akasimama, akakimbia tena. Watu wengi wa pwani humwita kitwitwi. Jina hilo hutumika kwa ndege wadogo wa aina nyingi wanaokimbia ufukoni. Mimi nasema juu ya yule anayezaa papo hapo mchangani.

Ghafla ndege yule alianza kuburuta bawa lake, kama limevunjika. Nilimfuata. Nilitaka kumsaidia.

"Simama hapo hapo, mwanangu!" sauti iliniita. "Usiinue mguu!"

Alikuwa mzee mmoja mvuvi, ameketi chini ya mvinje akishona wavu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Sasa tazama chini, mbele ya kidole chako."

Nilitazama. Niliona mchanga, vipande vya makombe na mwani mkavu. Nilitazama tena. Ndipo nikaona mayai mawili. Yalikuwa na rangi ya mchanga na madoadoa meusi. Nusu yake ilikuwa imefukiwa. Hatua moja zaidi ningeyapasua.

"Yule hakuvunjika bawa," mzee alisema. "Anakudanganya ili umfuate, uyaache mayai yake. Rudi ulikotoka. Kanyaga nyayo zako zile zile."

Nilirudi. Niliketi karibu na mzee. Baada ya muda mfupi ndege alirudi, akatazama huku na huku, kisha akakalia mayai yake.

Nilifurahi. Lakini mzee hakufurahi. Alinionyesha mahali pengine, hatua 30 hivi kutoka pale. Palikuwa na shimo kama lile, tupu. Nyayo za paka zilitoka kwenye majani, zikafika shimoni, zikarudi kwenye majani.

"Jana palikuwa na mayai mawili hapa," alisema. "Paka amekuja usiku."

Nyumba isiyo na kuta

Ndugu msomaji, fikiri kidogo juu ya ndege huyu. Kuku wako ana banda. Kwezi ana tundu la mti. Mnana hushona kiota chake kwenye tawi la mnazi. Kitwitwi wa mchangani hana mti, hana tawi, hana banda. Anakwangua mchanga kidogo na kutaga. Nyumba yake haina kuta wala paa.

Ulinzi wake ni rangi. Mayai yake yanafanana na mchanga. Akiondoka huyafukia kidogo ili yasionekane na yasiungue kwa jua. Makinda yakianguliwa hutoka shimoni karibu siku ile ile. Yakiona hatari hulala chini na kutulia kabisa. Unaweza kupita karibu usiyaone.

Mayai hukaliwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda yanahitaji zaidi ya mwezi mwingine kabla ya kuruka. Kwa hiyo kwa muda wa miezi miwili familia hii iko chini, mchangani, mahali tunapopita sote.

Ujanja wa rangi unamdanganya kunguru. Unamdanganya mtu. Lakini paka haitafuti rangi. Paka huja usiku. Anatumia pua na masikio. Ndege aliyekalia mayai usiku hamwoni paka mpaka amekaribia sana. Mara nyingine paka hali mayai tu, anamla na mama.

Wanaozaa visiwani

Sasa tazama baharini. Wilaya ya Kilwa ina visiwa vingi. Kuna Songo Songo, kisiwa kinachotoa gesi asilia iendayo Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Karibu yake kuna Fanjove, chenye mnara wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani. Kuna Nyuni na Okuza. Kuna pia mafungu ya mchanga na vijiwe ambavyo havina watu wala maji ya kunywa.

Visiwa na mafungu ya namna hii ndiyo mahali wanapopenda kuzaa buabua, katika bahari yetu yote ya Afrika Mashariki. Buabua ni ndege weupe wenye mabawa membamba na mkia wa panda. Hawazai mmoja mmoja kama kitwitwi. Wanazaa kwa makundi, mara nyingi wakati wa kusi. Kila mmoja anataga yai moja au mawili tu, juu ya mchanga au jiwe.

Kaskazini ya Lamu, huko Kiunga nchini Kenya, buabua huzaa kwenye vijisiwa kama hivyo. Katika bahari kuu mashariki ya Dar es Salaam liko Fungu Mbaraka, ambalo wengine huliita Fungu Kizimkazi. Urefu wake haufiki nusu kilomita. Lakini maelfu ya ndege wa baharini huzaa pale.

Kwa nini ndege wakachagua mahali pakavu namna hiyo? Sababu ni moja. Hapakuwa na paka, panya, kanu wala mbwa. Bahari ilikuwa ukuta wao.

Mtu ndiye anayeuvusha adui juu ya ukuta huo. Anamvusha kwa chombo.

Paka wa dago

Mzee yule alishona wavu kimya kwa muda. Kisha aliniambia jambo ambalo sikulitazamia.

"Na mimi niliwahi kumwacha paka dago," alisema.

Wewe msomaji wa bara, dago ni kambi ya wavuvi. Wavuvi huhamia kisiwani kwa wiki au miezi. Hujenga vibanda, huvua, hukausha samaki. Samaki wakipungua, hurudi nyumbani.

"Panya walikuwa wanatushinda," mzee alisema. "Walikula unga, walikata nyavu. Tukachukua paka jike kutoka nyumbani. Alifanya kazi nzuri. Msimu ulipokwisha tulipakia vyombo. Tulimwita, hakuja. Upepo ulikuwa mzuri, tukaondoka. Tulirudi mwaka uliofuata. Tulikuta paka watano. Buabua hatukumkuta hata mmoja. Tulikuta mabawa tu, yametapakaa mchangani."

Sikujua la kumjibu. Naye hakutaka jibu.

Labda utauliza: paka anaishije kisiwani bila maji? Anaishi. Paka anaweza kupata maji mengi katika nyama na damu ya anachokula. Labda utauliza tena: paka mmoja ana madhara gani? Hesabu. Paka jike hubeba mimba wiki 9 tu. Anaweza kuzaa watoto 4 kwa mara moja, na kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watoto wake wakiwa na umri chini ya mwaka nao huanza kuzaa. Buabua anataga yai moja au mawili kwa mwaka. Nani atamshinda mwenzake?

Paka aliyeachwa hivi hugeuka paka shume. Hamtaki mtu tena. Anajitafutia.

Habari za mbali

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Kusini kabisa ya Afrika, katika bahari ya baridi, kuna kisiwa kiitwacho Marion. Ni cha Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu walipeleka huko paka 5 ili wale panya. Kufika mwaka 1977 paka walikadiriwa kuwa zaidi ya 3,000. Walikuwa wanaua ndege laki kadhaa kila mwaka. Serikali ilifanya kazi miaka mingi kuwaondoa. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Kosa la watu wachache liligharimu kazi ya miaka mingi.

Lakini iko habari njema pia. Katika bahari ya Atlantiki kuna kisiwa kiitwacho Ascension. Paka waliletwa huko zaidi ya miaka 150 kabla. Ndege wa baharini walikimbilia majabali na jiwe moja lililo baharini. Watu walianza kuwaondoa paka shume. Paka wa nyumbani walibaki, ila walihasiwa ili wasizae. Mwaka 2006 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena paka shume. Ndege walirudi kuzaa kisiwani. Kumbe ndege wakipewa nafasi hurudi.

Si paka peke yake

Tusimtwike paka mzigo wote. Ndege hawa wana maadui wengine.

Yuko kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Si ndege wa asili wa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Baadaye alienea katika miji ya pwani. Anakula mayai na makinda. Akikuona umesimama juu ya shimo la kitwitwi, anakumbuka mahali hapo. Ukiondoka, anashuka yeye.

Yuko panya, anayeingia chomboni ndani ya gunia. Yuko mbwa anayefuata watoto ufukoni. Iko bahari yenyewe: maji ya bamvua yakija na upepo mkali yanafagia mayai.

Na yuko mtu. Mtu huokota mayai ya buabua kwa ndoo. Mtu huchota mchanga wa kujengea pale pale ndege wanapotaga. Mtu hukaa muda mrefu karibu na shimo, mama akaogopa kurudi. Wakati wa jua la mchana, mayai yasiyo na mama huharibika upesi.

Kwa nini tujali?

Nilimwuliza mzee swali hili. Nilisema, "Mzee, watu wana shida zao. Yai ni chakula. Ndege mdogo huyu ana faida gani?"

Mzee alicheka. Alinyosha mkono baharini. Mbali, buabua walikuwa wanazunguka na kujitupa majini.

"Unaona wale?" alisema. "Chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari. Mimi sina mashine ya kutafuta samaki. Mashine yangu ni wale. Ukila mayai yao leo umeshiba leo. Kesho nani atakuonyesha samaki?"

Hiyo ni faida ya kwanza, na kila mvuvi anaijua. Mahali buabua wanapojitupa, mvuvi huelekeza chombo.

Tena pwani yetu ni nyumba ya wageni. Kila mwaka, kuanzia Septemba hivi, ndege wengi huja kutoka nchi za baridi. Wengine hutoka Siberia, nchini Urusi. Wengine hutoka ng'ambo ya bahari tuliyoizoea kwa majahazi. Yuko ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo anazaa Oman, Iran, Somalia na Eritrea. Anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu. Kisha anakuja kula kaa kwenye fukwe zetu za matope. Anapita njia ile ile waliyopita mabaharia wa zamani.

Kwa sababu hiyo dunia imeitambua pwani hii. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo wa kulinda ardhi zenye maji ulifanywa Iran mwaka 1971. Eneo letu lina karibu hekta 597,000. Visiwa vya Songo Songo vimo. Pia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyama wa porini bila kibali. Ndege nao ni wanyama wa porini.

Tufanye nini?

Hatusemi watu waanze kuwaua paka. Paka wa nyumbani ni rafiki. Analinda mahindi na mpunga wetu. Wala paka hana kosa. Anafanya alichoumbwa kufanya. Kosa ni la mtu aliyempeleka mahali pasipo pake akamwacha.

Mambo haya yanaweza kufanywa na kila mtu:

1. Usipeleke paka dago. Weka unga na mchele katika debe lenye mfuniko. Ning'iniza nyavu juu. Panya mtege kwa mtego.

2. Kama paka yupo dago tayari, usiondoke bila yeye. Siku mbili kabla ya safari mlishe ndani ya kibanda, kisha mfungie. Rudi naye nyumbani.

3. Kung'uta magunia na kagua chombo kabla ya kwenda kisiwani. Panya asisafiri nawe.

4. Fukia matumbo na vichwa vya samaki kwa kina. Yakiachwa juu ya mchanga huwaita paka na kunguru. Wakimaliza matumbo watatafuta mayai.

5. Ufukoni tembea kwenye mchanga wenye maji. Juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua, hapo ndipo ndege hutaga.

6. Ukimwona ndege anaburuta bawa, usimfuate. Simama. Tazama miguu yako. Rudi kwa nyayo zako. Usiweke kijiti cha alama kando ya mayai. Kunguru naye anajua kusoma alama.

7. Usiokote mayai ya ndege wa pwani. Wafundishe na watoto.

8. Kama kisiwa chenu kina paka shume, usifanye peke yako. Lipeleke jambo kwenye mkutano wa kijiji na kikundi cha kulinda rasilimali za bahari, BMU. Mwiteni bwana samaki na afisa wanyamapori wa wilaya mshauriane.

Mwisho wa safari

Siku ya tatu nilikwenda kumuaga mzee. Nilimkuta ufukoni. Alikuwa amekusanya matumbo ya samaki ya asubuhi, anayafukia kwa jembe. Vijana wawili walikuwa wanamsaidia. Mmoja alikuwa ananung'unika.

"Mzee, hizi ni nguvu nyingi kwa ajili ya ndege mdogo," kijana alisema.

"Chimba, mjukuu wangu," mzee alimjibu. "Mimi nalipa deni langu la kisiwani."

Nilitazama kule karibu na mvinje. Kitwitwi alikuwa bado amekaa juu ya mayai yake mawili. Sijui kama yaliangua. Basi langu lilikuwa linaondoka. Lakini usiku ule wa pili paka hakuja. Hilo niliona kwa macho yangu. Mchanga ulikuwa safi, una nyayo za ndege tu.

Ndugu msomaji, ukifika ufukoni, tazama unapokanyaga.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kitwitwi huburuta bawa lake akimwona mtu?
2. Kwa nini mayai yenye rangi ya mchanga hayamdanganyi paka?
3. Paka jike mmoja akiachwa kisiwani, itakuwaje baada ya miaka miwili? Fanyeni hesabu pamoja.
4. Katika kijiji chenu, matumbo ya samaki hutupwa wapi? Nani huja kuyala?
5. Je, wavuvi wa kwenu hutumia ndege kutafuta samaki? Mwombeni mzee mmoja awaeleze.